Mtoto wa Pekee wa Bi Saada

Shemsa alimlea Mwadini mgongoni, kisha akamlea tena kwa viza: ndiye aliyemvuta mdogo wake kutoka Unguja hadi Birmingham, akamlaza sebuleni kwake mtaa wa Lozells mpaka alipopata kazi ghalani na chumba chake mtaa wa Nechells. Kila Ijumaa baada ya sala Mwadini alikuja kula biriani. Alisifu kuku kwanza, mpishi baadaye.

Mama yao, Bi Saada, alipofariki aliacha nyumba Kikwajuni. Shemsa alitaka kuzeekea humo, akae barazani apashe magoti joto, mbali na mvua hii isiyobisha hodi. Mwadini akamwambia asiwe na wasi, anamjua wakili Dar es Salaam, mirathi ifunguliwe huko. Shemsa akauliza mbona Dar, na nyumba ipo Unguja. Mwadini akamcheka: kwani pasipoti yako ina nchi ngapi, dada? Tanzania si moja? Shemsa akajiona mshamba, akakubali.

Tangu hapo kila Ijumaa aliulizia kesi, na Mwadini akamjibu mdomo umejaa kwamba mahakama za Bara ni kubwa, zina foleni.

Alhamisi moja wakili akapiga simu. Kesi imetupwa. Nchi ni moja, akaeleza, lakini Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na makadhi wake, na mirathi ya Muislamu aliyefia Unguja, akaacha nyumba Unguja, haimhusu jaji wa Dar.

"Nilimwambia mdogo wako mwanzoni kabisa," akaongeza. "Akasema anajua, tufungue hivyo hivyo."

Shemsa akaacha vitunguu viungue. Akampigia Saleha, binti wa mama yao mdogo, anayekaa Kikwajuni. Saleha akashangaa kuulizwa. Kwani kadhi hakukwisha kuamua, Mwadini alipokuja likizo? Nyumba imeshauzwa, mwenyewe mpya anaipaka rangi.

"Alitaja warithi gani?"

Saleha akajibu: "Mmoja. Yeye. Mimi alinambia mmekubaliana, wewe hutaki usumbufu. Nilijua mnapendana, dada'angu."

Kwa kadhi warithi hutajwa kwa majina, na mashahidi huapa. Shemsa alimwona akilini ndugu yake amesimama pale, jina la dada yake limemfika ulimini, akalimeza kama anavyomeza biriani. Kesi ya Dar ilikuwa pipi ya kumnyamazishia mtoto. Nyumba kuibwa, sawa, wezi wapo. Lakini huyu alikwenda mpaka tumboni mwa mama yao akamtoa dada yake.

Ijumaa Mwadini akaja, kofia safi, pua mbele. Shemsa akafungua mlango, mnyororo hakuutoa.

"Unamtaka nani, baba?"

Mwadini akacheka. "Da Shemsa, fungua bwana. Njaa inaniuma."

"Umepotea nyumba. Wewe si mtoto wa Bi Saada wa Kikwajuni? Yule mashahidi wameapa alizaa mmoja tu. Dada umemtoa wapi?"

Kicheko kikamkauka. Akatazama barabarani, akatazama viatu vyake, akasema kwa sauti ndogo kwamba hayo wayazungumze ndani.

"Tutayazungumza Unguja," Shemsa akamwambia. "Kwa kadhi yule yule. Safari hii atanihesabu kwa macho yake."

Akafunga mlango. Jikoni mkono ukapakua sahani mbili kwa mazoea. Moja akairudisha sufuriani, akakaa, akampigia Saleha kumuuliza kadhi anakaa kusikiliza kesi siku gani.