Kompyuta ya Karakana

Kompyuta ya karakana ilikuwa kipofu. Ukiichomekea bodi, kile kidude cha ukubwa wa kiberiti kinachoongoza joto ndani ya mashine za kutotolesha vifaranga, ilikaa kimya kana kwamba umeichomekea kijiti. Kompyuta iliyoziona bodi ni moja tu, ya dada mtu, naye alitembea nayo mkobani. Hakuna mashine iliyotoka bila kupita kwake kutiwa akili.

Hilo ndilo lililomweka mjini. Tangu baba yao afariki, karakana ilikuwa ya mdogo wake wa kiume, kwa maneno ya wajomba. Dada alijua fika kwamba siku bodi zitakapoonekana bila yeye, na yeye hataonekana tena.

Asubuhi hiyo alimkuta mdogo wake amefura, anagonga kipanya kama anaua mende. Mashine ya mama mmoja mfugaji ilikuwa imeungua bodi na mayai yamo ndani. Mwenyewe alikuwa ameileta na kuifunika blanketi, ameikumbatia kama mgonjwa.

Dada alichungulia kioo cha kompyuta. "Umechagua jina gani kwenye orodha ya bodi?"

"La kwanza. Zote si bodi tu?"

"Basi kanyolewe na fundi viatu. Wote si mafundi?"

Mama mfugaji aliangua kicheko, kisha akakumbuka mayai yake.

Dada akafungua mkoba. "Lete hiyo bodi mpya."

Mdogo wake akaifumba kiganjani. "Weka kila kitu kwenye kompyuta ya karakana kwanza. Leo umechelewa. Kesho ukiumwa, mayai yasubiri upone?"

"Na mimi nitabaki na nini?"

"Dada, acha hizo. Damu yangu wewe, nikutupe wapi?"

"Ifumbue tu hiyo ngumi."

Hakuifumbua. Mama mfugaji aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Wanangu, ya kwenu siyajui. Mimi mayai yangu yanapoa."

Dada akavuta kiti mbele ya kompyuta ya karakana, amekunja uso. Alifungua mipangilio ya programu, akaandika anwani ya mtandaoni ambako bodi zile zinatambulishwa, akapakua furushi la programu zake. Akasakinisha na kile kijiprogramu cha kuiwezesha kompyuta kuongea na bodi kupitia waya. Mdogo wake alisimama nyuma yake na simu, anarekodi.

"Hapo rudia. Umebofya wapi?"

Akarudia. Alichagua jina sahihi kwenye orodha, akanyoosha mkono bila kugeuka, na safari hii akapewa bodi. Alipoichomeka, kompyuta ikaitambua. Akaitia programu ya joto, na taa ya bodi ikaanza kukonyeza.

"Kumbe ndiyo hivyo tu!" mdogo wake alisema. "Miaka yote unatufanya tuone ni uchawi."

Bodi ilipofungwa, mashine ikaunguruma na kioo chake kikaanza kupata joto. Mama mfugaji alimshika mkono yule mwenye karakana. "Mungu akubariki, fundi."

"Usijali, mama. Siku nyingine ikisumbua, nipigie mimi moja kwa moja."

Kisha akamgeukia dada yake, sauti laini kama anambembeleza mtoto. "Wewe wiki hii pumzika tu, dada. Kukiwa na kazi tutakuita."

Simu alikuwa bado ameishika, anaiangalia video tangu mwanzo. Sauti ya dada ikatoka humo, inaeleza vizuri, taratibu, hatua kwa hatua. Mwenyewe alifunga zipu ya mkoba na kutoka. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi.