Swali la Mama Mtumba

Jumanne, tarehe 14 Juni 1994. Asubuhi hiyo Lemara iliamkia manyunyu ya baridi, yale yasiyolowesha ardhi wala kuacha nguo zikauke, na Mlima Meru ulikuwa umejifunika gubigubi, hauonekani hata miguu. Kandida alikuwa akichochea makaa jikoni aliposikia sauti ya mama wa chuma kutoka chumba cha uani. Maneno yalikuwa yaleyale, kwa Kiingereza kilekile cha polepole, kama kila asubuhi kwa wiki tatu sasa.

"Marahaba, mkwe wangu!" akajibu Mama Elimringi, mama mkwe wake, aliyekuwa kizingitini akimenya ndizi. Kisha akamgeukia Kandida. "Unaona? Wa bati anaamkia kabla ya jua. Wewe wa nyama mpaka nikohoe."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba ya pili hiyo. Ya kwanza imeshachukuliwa."

Kandida hakucheka, na hakuudhika pia. Kwa mwaka wa pili sasa moyo wake ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi: upo, unabeba mwili, lakini ukiufinya hausemi kitu. Alikuwa amezika watoto watatu, wote wa miezi sita, nyuma ya migomba ya wakwe zake kule Machame, bila jina na bila ibada, kwa kuwa hawakuwahi kupumua. Baada ya wa tatu madaktari walimtoa kizazi ili wamwokoe yeye. Mayai yake machache wakayahifadhi kwenye baridi.

Mumewe, Elimringi, alikuwa muuza vipuri wa Sokon One. Naye akafanya kama kila mtu alivyofanya miaka hiyo biashara ilipofunguliwa: akanunua mtumba. Makontena yalileta mashati, friji, magari, na humo humo wakaja mama wa chuma waliokwisha kubeba watoto wa watu huko Ulaya. Huyu wao alikuwa na kimo cha mwanamke wa kawaida, mikono ya mpira, na tumbo la kioo kizito ambalo Mama Elimringi alilifunga kitenge kwa ajili ya heshima. Zahanati moja ya binafsi ilipandikiza humo mtoto wa Kandida na Elimringi, ikarekodi sauti ya Kandida kuwa ndiyo sauti ya mama, ikawaruhusu kwenda naye nyumbani. Umeme ukikatika kwa mgao, aliishi kwa betri mbili za lori. Jioni alitembea uani hatua fupifupi, akimbembeleza aliyemo. Majirani walimwita Mama Mtumba.

Sasa siku zilikuwa zimetimia, zikapita tisa, na tumbo halijafunguka. Jana yake taa ya kifuani ilikuwa imegeuka kutoka kijani ikawa njano.

Saa mbili Elimringi alirudi na watu wawili. Mmoja alikuwa Lemburis, fundi aliyeaminika mtaa mzima. Wa pili alikuwa Mwinjilisti Naftali wa usharika wao, aliyekuja kuomba. Lemburis alivua koti, akamzungusha Mama Mtumba, akafungua mgongo. Alikaa humo nusu saa, tochi mdomoni.

"Kaka, hana ugonjwa," alisema mwishowe. "Amegoma tu, kama punda wa Maji ya Chai. Ila maji ya ndani yameanza kuchafuka. Hayafiki kesho asubuhi."

"Basi likate tumbo, tumtoe mtoto," Elimringi akasema.

"Kwa grenda? Kaka Eli, mimi ni fundi wa friji. Nikikata, sijui nitakutana na nini."

Alihamia usoni kwa mashine, akaingiza kidole kwenye tundu la mdomo. Kidole kilitoka na kitu kizito, cha rangi ya majivu. Akakinusa.

"Nani amemlisha huyu?"

Kisu cha Mama Elimringi kikasimama katikati ya ndizi. "Ni mtori wa ndizi. Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Ulisikia wapi mimba ikabebwa bila mtori?"

"Yeyo, mama yangu, hana tumbo la chakula! Hapa ni spika!"

"Mbona hakukataa?"

Lemburis aliangua kicheko, lakini Elimringi hakucheka. Aliutazama ule mtori kwenye kidole cha fundi kama mtu anayetazama damu. "Mama," alisema kwa sauti ndogo, "umemuua mwanangu kwa kijiko."

Yule mama alivua kitambaa kichwani, akakaa chini kwenye saruji ya baridi, miguu mbele. Mbuzi aliyemleta kwa ajili ya kumlisha mzazi alikuwa amefungwa pale pale karibu na bomba, akitafuna kamba. "Kumbe ni mimi," alisema. "Nilikuja kulea, kumbe nimekuja kuua. Mwinjilisti, uniombee nife mimi."

Kandida alisimama mlangoni na aproni yake. Aliona mvi za mama mkwe, ambazo hakuwahi kuziona bila kitambaa. Hakuhisi huruma. Alijua tu, kama mtu anavyojua kwamba sufuria ni ya moto, kuwa mzigo ule haukuwa wa yule mama.

"Siyo mtori," alisema.

Wote wakageuka.

"Hajagoma. Anauliza swali, na hajajibiwa." Alikuwa mwanafunzi wa masomo ya jioni ya watu wazima, akikaa kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yakigonga ubao. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini neno moja moja lilikuwa limekaa. Siku ya kwanza alisikia *mama*. Siku ya pili *mtoto*. Ya tatu alichukua kamusi. "Anasema: mama wa mtoto huyu, je, unamngoja? Jibu mbele ya watu wawili. Akijibiwa, anafungua."

"Umejua tangu lini?" Elimringi akauliza.

"Wiki tatu."

"Wiki tatu! Na mama yangu anakaa chini hapa anajiombea kifo!" Alimrukia mashine, akamshika mabega. "Yesi! Yesi, yesi! Namngoja!"

Mama Mtumba alimsikiliza kwa adabu. Kisha akarudia swali lake, taratibu, uso wake ukimtafuta mtu mwingine.

"Anataka sauti yangu," Kandida alisema. "Kila alfajiri nilipiga magoti nikaomba nipewe hata tone la kungoja. Sikupewa. Niliwangoja watatu, mkanipa majembe ya kuwazika. Huyu simngoji, Baba Mwinjilisti. Nikisema ndiyo, nitakuwa nimeshuhudia uongo mbele ya Mungu, na mtoto ataanza maisha juu ya uongo wangu."

Naftali alikuwa amekuja na sala ya kuponya mitambo tu.

Aliyejibu ni Mama Elimringi, palepale chini. "Kungoja? Huyu mume wako alinikuta shambani nikipalilia kahawa. Nilikuwa nimemchoka kabla hajatoka. Nilimpokea kwa khanga yenye tope, nikamlaani baba yake. Nani aliniuliza kama nina furaha?" Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Mikono unayo?"

"Ninayo, mama."

"Basi."

Manyunyu yaliendelea. Kandida alifungua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya ndoo. Alinawa mikono kwa sabuni mpaka viwikoni. Akasimama mbele ya Mama Mtumba. Kwa mara ya kwanza aliona mikwaruzo chini ya kwapa la mpira, vistari vinne vifupi vilivyochongwa na mkono wa mtu, kama hesabu ya watoto aliowabeba, kimoja kikiwa kimekatwa katikati. Huenda kule alikotoka kuna mmoja aliyezaliwa bila mtu wa kumpokea. Huenda ndiyo maana alifundishwa kuuliza.

Swali likaja tena. Kandida alijibu kwa Kiingereza cha madawati, neno kwa neno, akisimama kila anapokosa neno mpaka alipate. Alisema mengi kuliko ndiyo. Taa ilirudi kijani, na ndani ya tumbo kitu kikalegea kwa mlio mdogo, kama kufuli ya sanduku la zamani.

Lemburis alirudi nyuma hatua mbili. Mikono ya mpira ilianza kufungua kitenge.

"Umemwambia nini?" Mama Elimringi aliuliza, akijiinua. "Sisi ndio mashahidi. Sema tusikie!"

Kandida alinyoosha mikono chini ya kioo kinachofunguka. Mvuke wa vuguvugu ulimpiga usoni.

"Nimesema simngoji, kwa sababu sina cha kungojea," alisema kwa sauti, ili wasikie hata walio nje ya ua. "Lakini nitampokea leo. Akilia nitaamka. Nitakaa uzazi miezi mitatu, mama, na mtori wako nitaunywa mimi. Atapata jina kabla jua halijazama, na wale watatu nitawapa majina yao Jumapili, kanisani, mbele yenu. Mmenisikia ninyi, na Mungu amenisikia."