Miche Kwenye Makopo

Kopo la kwanza lilikataa kutoboka. Leonard aligonga msumari kwa jiwe, msumari ukapinda, akaunyoosha, akagonga tena. Kando yake, kwenye kivuli cha mgomba, miche arobaini ya plamu ilikuwa imelazwa juu ya gunia bichi. Alfajiri ya siku ile ilikuwa bado imesimama shambani, mistari minne, kila mstari miche kumi. Shangazi yake, Veronika, ndiye aliyeing'oa yote.

Na hakuing'oa kwa hasira, hilo ndilo lililomuuma Leonard. Angeitupa huko bondeni angalau wangegombana, yakaisha. Lakini aliinama kwenye kila mche, akauchimbua kwa kijembe, akautoa na udongo wake, akaupanga kando ya njia. Leonard aliporudi na ndoo kutoka mtoni alimkuta kwenye mstari wa mwisho.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Kwani wewe hukujua?"

Alijua. Nani aliyezaliwa Uluguru asijue? Ardhi huku ni ya ukoo wa mama. Marehemu baba yake, Paulo, aliulima mteremko ule kwa sababu ulikuwa wa mama yake Paulo. Alipofariki, ukarudi kwa dada yake, Veronika, na kwa watoto wa Veronika. Leonard akabaki mtu wa kuazimwa. Na aliyeazimwa hulima mahindi, maharage na kabichi, akavuna, akashukuru. Mti hapandi. Mahindi yana siku zake, yakiisha shamba linabaki kwa mwenyewe. Mti unakaa miaka, na aliyeupanda huanza kusema pale ni kwake.

"Chuoni walitufundisha ardhi ni ya taifa," alisema Leonard.

"Hao waliokufundisha wanalima wapi?"

Shangazi akaokota mche mmoja, akapitisha kidole kwenye kovu la shina. "Hapa pamefanya nini?"

"Nimebebesha. Chini ni mfyulisi, ndio shina mama. Hapa juu ni plamu."

"Kwa hiyo mama yake ni mfyulisi."

"Ndiyo."

"Na yeye atazaa plamu."

"Ndiyo, shangazi."

Veronika akacheka kidogo, bila ubaya. "Maskini. Sasa ukoo wake ni upi?"

Aliuweka mche chini polepole, akaenda zake kupalilia.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Ijumaa angekuja bwana shamba wa wilaya, Ndugu Rehani, kukagua. Leonard alikuwa na cheti cha miaka miwili ya kilimo, amekifunga kwenye nailoni kisiingie unyevu, na kazi hakuwa nayo. Wilayani walimwambia hivi: wenye shamba la mfano la matunda lililosimama watachukuliwa, wafanye kazi kwenye milima yao, wasio nalo watasubiri orodha. Walikuwepo waliosubiri orodha hiyo mwaka wa tatu sasa.

Kwa wajomba zake, upande wa Matombo, kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake, alishakwenda. Mjomba alimkaribisha vizuri, akamlisha, halafu akamwambia, "Ulilelewa kwa kina baba yako. Huku ardhi tumeshagawana." Leonard alirudi kwa miguu siku nzima, na njia ile hakuwahi kumsimulia mtu.

Basi alitoboa makopo. Yalikuwa ya maziwa ya unga, ameyaokota nyuma ya zahanati ya misheni. Kila kopo matundu manne, udongo, mche, maji.

Ijumaa Ndugu Rehani alipanda kwa miguu, shati limelowa jasho, viatu vya ngozi amevishika mkononi. Baiskeli ya serikali aliiacha chini. Mlima huu haujawahi kuionea huruma baiskeli ya mtu.

"Shamba liko wapi, ndugu?"

Leonard akamwonyesha. Mashimo arobaini, mistari minne imenyooka, matupu.

"Nani ameng'oa?" Rehani akatoa daftari na kalamu. "Huu ni mwaka wa kilimo cha kufa na kupona. Anayeng'oa mazao ni mhujumu. Nipe jina tu, mengine yatamalizwa na mwenyekiti wa kijiji."

Hatua kumi kutoka pale, Veronika alikuwa kwenye maharage yake. Jembe lilikuwa limesimama. Hakugeuka. Mwanamke huyo alimpokea Leonard akiwa na miaka sita, akamlisha chungu kimoja na watoto wake, na alipougua surua alimbeba mgongoni hadi misheni. Jina moja tu, na Leonard angepata shamba na kazi vyote kwa pamoja.

"Nimeng'oa mwenyewe," alisema.

"Wewe?"

"Pale upepo ni mkali. Nimeona heri iwe kitalu. Kila kaya ichukue mche ikapande kwake."

Rehani akayatazama makopo, akayatazama mashimo. "Umechimba mashimo arobaini ili upime upepo?"

Kule kwenye maharage jembe likaanza kufanya kazi tena, taratibu.

"Kitalu kinataka mtu wa kitalu," Rehani alisema mwishowe, akiandika. "Mshahara wake ni mdogo kuliko wa bwana shamba. Usije kulalamika."

Hivyo ndivyo Leonard alivyopata kazi. Mvua zilipokolea watu wakaja, wenye mashamba ya mama zao, kila mtu akaondoka na kopo lake. Jumapili baada ya misa alizunguka kuikagua miche yake kwenye viwanja vya watu, akifunga huu, akipunguza ule, kisha akarudi chumbani kwake akapika ugali wa mtu mmoja. Kufikia Mei ilibaki miche miwili.

Veronika alikuja asubuhi, na kikapu.

"Hiyo nipe mimi. Na uje uipande, mimi sijui."

Alimpeleka palepale. Mashimo yalikuwa yameanza kujaa udongo, lakini mstari ulionekana bado. Leonard alipiga magoti, akaupanda wa kwanza, akashindilia udongo kwa viganja. Jirani yao Bernadeta alikuwa akishuka sokoni na kabichi kichwani. Akasimama.

"Leonard, umeruhusiwa miti?"

Shangazi alimtazama Leonard.

"Ni ya shangazi, mama," Leonard akajibu. "Mimi ni fundi tu."

Bernadeta akaitikia, akashuka. Veronika akajifuta uso kwa upindo wa khanga, ingawa jua lilikuwa halijatoka. "Baadaye uje kula," alisema.

Leonard aliupanda wa pili, akainua kopo tupu aondoke. Kwenye tundu la msumari ulikuwa umenasa mzizi mmoja, mweupe, mwembamba, uliokuwa umeshatoka nje kutafuta mahali.