Nafasi ya Kitindamimba

Gaudensia alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuona kitu kimekaa upande akakiacha. Ukiegemeza baiskeli vibaya kwenye duka lake la vigae pale Bunda, alitoka akainyoosha mwenyewe, tena kwa maneno. Baba yake, mzee Nicolaus, alimtania kwamba hata siku ya kiyama atakutwa anawapanga watu mistari.

Ndiyo maana makaburi ya babu na bibi yake, nyumbani Butiama, yalimkera. Babu Mwikwabe alizikwa kwanza. Bibi Wegesa alipomfuata miaka minne baadaye, hakulazwa ubavuni mwa mumewe; alilazwa mbali kidogo, pakabaki katikati nafasi ya kuweza kutandika kitanda. Gaudensia aliamini wachimbaji walikuwa wamelewa. Hakumuuliza mtu. Wapenda vipimo huwa hawaulizi, wanapima tu.

Krismasi ya mwaka juzi yeye na mdogo wake Fredi wakaamua kumfurahisha mzee. Alikuwa anaishi kwa Fredi huko Bweri, Musoma, kifua kikimsumbua, kwa hiyo hakujua lolote. Fundi Burito akaitwa. Fredi alitaka mawe tu yapangwe vizuri. Gaudensia akataka msingi, nondo, zege moja pana juu ya makaburi yote mawili, na vigae vyeupe juu yake, na majina yao wawili mwishoni.

"Wasitenganishwe tena," alisema, na machozi yakamlengalenga kwa jinsi alivyolipenda wazo lake.

Siku ya sikukuu mzee akaletwa. Alivua kofia, akalizunguka lile zege mara mbili. "Mmefanya vizuri, wanangu. Asanteni." Basi. Pilau hakuigusa, na wao wakasema ni kifua.

Ungewaona babu, bibi na Nicolaus enzi zao, ungejua Gaudensia na Fredi wamefanya nini. Nicolaus alikuwa kitindamimba. Miaka thelathini alifanya kazi kwenye kiwanda cha pamba Bunda, na kila Jumamosi, jua au mvua, alipanda baiskeli mpaka Butiama akiwa amembeba Gaudensia nyuma. Babu hakutia tonge mdomoni mpaka asikie kengele ya ile baiskeli. Kisha mtu mzima huyo, mwenye mvi na watoto, alijibana kwenye benchi katikati ya wazazi wake, akala sahani moja na baba yake huku mama akimtolea miiba ya sato. Wajukuu walivunjika mbavu.

"Mnacheka nini?" Bibi aliwauliza. "Huyu si ndo mtoto wangu wa mwisho? Na nyie mna wa kwenu."

Gaudensia hakuwahi kupata furaha nyingine kubwa kama zile Jumamosi. Ndoa haikumpa, na duka halikumpa.

Mwezi wa nne mwaka huu mzee akazidiwa. Pale kitandani Bweri, homa ikiwa juu, akaanza kusema na watu wasiokuwepo.

"Mama, sogea kidogo. Baba, sogea na wewe. Nikae."

Alirudia mchana kutwa, kwa upole, akingoja kama anayeamini watasogea. Gaudensia akatoka nje akampigia shangazi Dorotea, dada wa baba yake, aliyebaki kule Butiama.

"Shangazi, anawaambia babu na bibi wasogee. Wasogee wapi?"

Shangazi alijitenga na watu kwanza, ndipo akasema kwa sauti ya chini.

"Hapo katikati ni pake, mwanangu. Baba alisemaga kabla hajafa, huyu wa mwisho alale kati yetu. Siku ya kumzika mama, Nicolaus alipima mwenyewe kwa miguu yake. Sisi hatutajagi kaburi la mtu mzima, ni kumwitia kifo. Ndo maana nyie hakuwaambia."

Alhamisi, wakati wa chai, mzee Nicolaus akakata roho.

Gaudensia akaapa kwamba baba yake atalala pale, hata kama atalivunja zege kwa meno. Ijumaa akamfikisha Burito Butiama na mashine yake ya kukatia. Burito akapiga magoti, akagonga hapa na pale, akasimama akijipangusa.

"Dada, hii ulisema idumu. Nondo zimetoka upande huu mpaka ule. Nikikata katikati, kuta za makaburi yote mawili zinaingia ndani. Nitakuwa nimewafukua wazee."

"Kata hivyo hivyo."

"Mimi? Hapana, dada. Tafuta mwingine."

Shangazi Dorotea alikuwa ameshafika pale kaburini. "Umfunue mama yangu, Gaude? Na watu wanaona?"

Gaudensia akamwambia Burito afunge mashine yake. Shauri likaishia hapo.

Jumamosi wakamzika mzee Nicolaus chini karibu na zizi, hatua kumi na mbili kutoka kwa wazazi wake. Gaudensia alizihesabu. Waombolezaji waliopita kwenye vigae walivipapasa, wakasifu. Hata katekista alisema hawa watoto wanajua kuheshimu wazee. Kila mmoja Gaudensia alimjibu asante. Angejibu nini?

Watu walipokwenda kula, alikaa chini kando ya shangazi.

"Shangazi, lile zege ni mimi. Fredi alitaka mawe."

"Alijua."

"Nani?"

"Baba yako. Mwezi wa pili alikujaga hapa peke yake, kwa basi, nyundo iko kwenye mfuko. Nikamwambia kifua hicho utakufa. Akapiga mara moja tu. Halafu akaona pale mwishoni mlipoandika majina yenu, la kwako la kwanza. Akakaa chini, akayasoma. Akaweka nyundo kwenye mfuko. Akasema nisikwambie, utaumia."

"Sasa mbona umeniambia?"

"Na mimi nimechoka kulibeba."

Gaudensia akaangua kilio ambacho hakukilia Alhamisi wala kaburini. Wanawake wakaacha sahani zao, wakaja mbio, wakamfunga kanga kiunoni, wakamshika mabega.

"Jikaze, mama," wakambembeleza. "Mungu amemlaza baba mahali pema."