Alama Mkononi mwa Mama

Niseme mapema tusisumbuane: wifi yangu sikumpenda tangu siku ya kwanza, na sababu sikuwa nayo. Debora alikuwa mpole, na mimi watu wapole siwaamini. Nimekaa ofisini miaka kumi na tisa, katibu muhtasi wa mabosi saba tofauti, na waliowahi kunipiga chenga wote walikuwa wapole. Kwa hiyo mdogo wangu Yotham alipomleta nyumbani kwetu Zuzu, nikamwona anavyopiga goti kusalimia na kuongea huku ameangalia chini, nikasema moyoni, huyu ana lake jambo.

Miaka sita nilimchunguza nisione kitu. Mwaka huu, mwezi wa nane, nikaona.

Nilikwenda Zuzu Jumamosi, kama nifanyavyo kila mwisho wa mwezi. Mama alikuwa ameketi mlangoni juu ya kigoda, khanga imemteleza begani. Ana miaka sabini na nne na meno yake ni ya kuhesabu. Nilipoinama kumwamkia nikaona mkono wake, pale juu ya kiwiko: madoa manne ya zambarau yamejipanga mstari, na la tano upande wa pili, pale ambapo dole gumba hukaa. Nikapandisha gauni lake kidogo. Magotini na kwenye mashavu ya miguu kulikuwa na mabaka mengine, baadhi meusi, baadhi yameanza kugeuka rangi ya majani.

"Mama, nani kakufanya hivi?"

"Hakuna."

"Hakuna nani?"

"Hakuna mtu, Elieth. Yanakuja yenyewe."

Yanakuja yenyewe! Mvua huja yenyewe, wageni huja wenyewe, lakini alama za vidole zina mwenye vidole. Nikamwangalia mama usoni, akakwepa macho yangu. Hapo nikajua anaogopa.

Debora akatoka jikoni akifuta mikono, akapiga goti. "Shikamoo wifi."

"Marahaba. Mama alianguka?"

"Hapana wifi. Hata mimi nashangaa."

Unashangaa, nikasema kimoyomoyo. Utashangaa vizuri.

Siku ile sikugomba. Nilikaa tu na kuangalia, kama mtu anayehesabu kuku wa jirani. Debora alipomwinua mama kutoka kwenye kigoda, mama aliguna na kukunja uso. Mama alipotema mate baada ya kula, yalikuwa na damu. Nikamwambia afungue mdomo, nikakuta ufizi umevimba, umekuwa kama nyama mbichi. Mpaka mdomoni anampiga, nikawaza. Nikamvuta pembeni Erica, binti yao wa miaka mitano, nikamuuliza taratibu, mama yako huwa anamfanya nini bibi?

"Anamvuta," akasema.

"Anamvutaje?"

"Asubuhi. Kitandani. Bibi analia."

Nilikuwa na vidole, damu na shahidi. Yotham aliporudi shambani nikamweleza yote nyuma ya nyumba. Akasema, "Dada, Debora hawezi." Nikamuuliza, wewe unashinda shamba, umejuaje? Akanyamaza. Yotham ni mtu wa kunyamaza, na mimi huwa nahesabu kwamba amekubali.

Jumapili baada ya ibada tukakaa kikao. Baba mdogo Matonya ndiye aliyeongoza, na pamoja naye wanaume wengine watano wa ukoo. Mama hakutaka kuja sebuleni, nikamleta mwenyewe. Nikamfunulia mkono mbele yao ili wasiseme Elieth ana maneno mengi. Mama akajaribu kurudisha khanga na mimi nikaishikilia. Debora alikuwa amekaa chini kwenye mkeka. Baba mdogo alimuuliza mara tatu, na mara zote tatu alijibu hivyo hivyo: "Sijamgusa mama kwa ubaya." Mama naye akasema hajapigwa. Lakini mzee anayeishi kwa mkwe wake angesema nini jingine? Nikawaambia hivyo, nao wakakubali, wakaamua Debora aondoke.

Jioni ile Debora alirudi kwao Bahi na Erica wake, begi moja na ndoo ya plastiki. Yotham alimsindikiza mpaka barabarani. Mimi nikamchukua mama kwangu Msalato. Alilia njia nzima, nikajua ni machozi ya mtu aliyeokolewa.

Nikaomba likizo. Nilitaka mama apone mikononi mwangu na Zuzu yote isikie. Nilimwekea godoro jipya, nikamnunulia maziwa, mayai, na nyama ya kusaga kwa sababu ya meno yake. Nyama alionja akaacha. Alichokitaka ni ugali wa uwele na mlenda wa kwao, ule wa kukausha juani, kwa hiyo nikampikia huo, mchana na jioni. Nikauzidishia magadi ulainike sana, ashushe bila kutafuna. Vya sukari sikumpa hata kwa bahati mbaya. Mwezi wa nne kliniki walikuwa wamesema sukari yake imepanda, apunguze vitu vitamu. Mimi sipendi maagizo ya juu juu. Niliporudi ofisini siku ile nilichapa orodha kamili, kwa herufi kubwa, nikaipeleka stationari wakaitia plastiki, na Debora akaibandika kwenye mlango wa jiko kule Zuzu. Alivyoipokea kwa mikono miwili ungedhani ni cheti.

Wiki ya kwanza mama hakupata nafuu. Nikasema mwili wa mzee unapona polepole. Wiki ya pili miguu ikazidi kumuuma hata akashindwa kusimama. Nikasema yule mwanamke alimuumiza mpaka ndani. Kila kilichoharibika nilikuwa na pa kukitupia.

Halafu ikaja Alhamisi. Siku iliyotangulia nilikuwa nimemwogesha, na kwa kuwa miguu ilikataa, nilimshika mkono wa kushoto, ule mzima, nikamnyanyua kutoka kwenye beseni. Alilia, "Taratibu, mwanangu." Asubuhi nilipokuwa nambadilisha gauni nikaona madoa ya zambarau kwenye mkono ule ule. Manne mstari mmoja. La tano upande wa pili.

Nikaweka vidole vyangu juu yake. Vilienea kimoja kimoja.

Nilikaa kitandani pembeni yake nikitafuta mtu wa kumshuku. Nyumba nzima tulikuwa wawili. Nikajiambia labda nilikaza mkono bila kujua, kisha nikakumbuka vizuri nilivyomshika, na haikuwa nguvu ya kumuumiza hata mtoto mchanga. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na si kwa ajili ya mama peke yake. Niliogopa mtu asione.

Na mtu akaona. Jirani yangu Wambura alipita kumsabahi mama, akauona mkono. Akaniangalia. Nalijua jicho lile, kwa sababu ni langu. Ndilo nililomtazama nalo Debora miaka sita.

"Mama alianguka?" akauliza.

"Ndiyo," nikasema. "Bafuni."

Nikadanganya hivyo, haraka na bila kupepesa. Debora aliulizwa swali hilo hilo, na yeye akasema kweli. Wambura alipoondoka nikaita bajaji, nikampeleka mama hospitali.

Daktari alikuwa kijana, anaitwa Masudi. Alimkagua mama kimya, mikono, miguu, mdomo. Akavaa miwani akaziangalia nywele ndogo za miguuni kwa karibu sana, na vitone vyekundu kwenye mashina yake. Kisha akageuka.

"Dada, naomba utoke nje kidogo. Nataka kuongea na mama peke yake."

"Mimi ni binti yake wa kumzaa."

"Najua. Ni dakika chache tu."

Nikatoka. Nikakaa kwenye benchi nikiangalia mlango uliofungwa, nikajua ndani anaulizwa kama nampiga. Mimi, Elieth! Moto ulinipanda mpaka masikioni. Nikapanga maneno ya kumwambia yule kijana, maneno makali yenye namba ya simu ya bosi wangu. Halafu nikawaza, je, mama akisema hakuna mtu, watamwamini? Mimi sikumwamini.

Wakamtoa damu tukasubiri. Aliponiita tena, Masudi alikuwa na karatasi za majibu mezani. Akasema damu inaganda kama inavyotakiwa, ini halina neno. Dawa za sukari anazotumia hazileti mambo haya. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Mama anakula nini?"

Nikamweleza kwa fahari kidogo, ugali wa uwele, mlenda, maziwa, mayai.

"Mlenda mbichi?"

"Mkavu. Mbichi kiangazi hiki utautoa wapi? Na tunatia magadi."

"Matunda?"

"Daktari, mama ana sukari." Nikatoa simu nikamwonyesha picha ya ile orodha. Niliipiga siku ilipobandikwa, kwa kuwa nilijivunia. Akaisoma taratibu. Matunda yote hayaruhusiwi. Machungwa, mapapai, mapera. Juisi yoyote. Ubuyu, hata kwenye uji. Nyanya kwa sababu zina utamu. Mwisho nilikuwa nimeandika, kwa wino mzito: *Bila ruhusa ya Elieth, hakuna mabadiliko.*

"Nani aliandika hii?"

"Mimi."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alivuta kiti akasema mama ana kiseyeye.

Kiseyeye! Nilikisoma darasa la tano, nikakijibu kwenye mtihani nikapata vema: ukosefu wa vitamini C, ufizi kutoka damu. Sikujua kwamba kinaweza kukaa Zuzu. Masudi akanieleza kwamba bila vitamini hiyo mishipa midogo ya damu inalegea, hata kumshika mtu kumsaidia asimame kunaacha alama. Jua la kukaushia mlenda linaila vitamini C, chungu kinakula iliyobaki, na magadi yanamalizia. "Kwa watu wengi haina shida," akasema, "kwa sababu wanakula na vingine. Mama hakuachiwa kingine." Mwenye sukari, akasema, anapimiwa matunda, hafungiwi.

"Nyumbani alikuwa anapikiwa na nani?"

"Wifi yangu."

"Aliifuata hii orodha?"

Kabla sijajibu, mama akasema kutoka kitandani, sauti ndogo, kama mtu anayemtetea asiyekuwepo. "Debora alitaka kunitilia ubuyu kwenye uji. Nikamwambia acha, mwanangu. Elieth atagomba."

Mama alianza vidonge vya vitamini C siku ile ile. Nikampimia papai kwenye sahani, nikamtilia ubuyu kwenye uji kwa mkono wangu mwenyewe. Siku ya nne damu ya ufizi ilikata. Siku ya kumi madoa yalikuwa yamefifia na mama akatembea mpaka barazani kwa fimbo. Alikaa juani, akasema anataka kurudi kwake Zuzu, na akaniuliza nani atakuwepo nyumbani akirudi.

Kesho yake nikapanda basi la Bahi.

Nilimkuta Debora uani kwao akibambua karanga kwenye ungo, Erica pembeni yake. Aliponiona alisimama, akaniletea kigoda, akapiga goti. "Shikamoo wifi. Mama hajambo?" Kabla ya kitu chochote, mama hajambo. Nikaitikia, nikamwambia anatembea kwa fimbo.

Nikamweleza yote. Kiseyeye, magadi, orodha, vidole vyangu mwenyewe kwenye mkono wa mama, uongo niliomwambia Wambura. Sikuruka kitu. Nikamwambia nilikosa, nikamwomba anisamehe arudi, mama anamuulizia na Yotham hali chakula vizuri. Alisikiliza akiwa anabambua, maganda huku, karanga huku. Nilipomaliza akaweka ungo chini.

"Wifi," akasema, "alama zilipotokea kule kwako, ulimwita nani?"

"Nilimpeleka kwa daktari."

"Baba mdogo Matonya hukumwita?"

"Hapana."

"Na wale wengine?"

"Hapana, Debora."

"Kwako ukatafuta daktari." Kwa mara ya kwanza katika miaka sita aliniangalia machoni, na hapakuwa na upole wowote mle. "Kwangu ukatafuta wanaume sita."

Nikatoa simu nikampigia baba mdogo Matonya pale pale, nikaweka sauti kubwa ili na Debora asikie. Nikamwamkia, nikamwomba awaite watu wote waliokaa siku ile, wale wale, asipungue hata mmoja, Jumapili baada ya ibada.

"Kuna nini tena?" akauliza. "Safari hii nani anashtakiwa?"

"Mimi," nikasema.