Nyuki Aliyelala Ndani ya Mashine

Ifahamike kwa wote, wa karibu na wa mbali, wenye watoto na wanaowatarajia, kwamba siku ya Jumatano jioni, katika chumba kidogo kilicho kati ya duka la dawa na fundi viatu, historia ya kichwa cha binadamu ilifungua ukurasa mpya. Kwa lugha ya waliokuwepo: mtoto wa miaka mitano alinyolewa asilie.

Mtoto mwenyewe aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye kitindamimba. Aliyemnyoa ni mwanamke mpole mwenye mikono mipana, aliyehamia mtaani majuzi tu, kiti chake bado kina nailoni ya dukani. Aliyempeleka ni mama yake. Na aliyebebwa kama msaidizi ni dada yake, binti wa kidato cha tano aliyekuwa nyumbani kwa likizo. Huyo shuleni walimwita Kengele, kwa sababu aliwahi kuwaamsha wenzake bweni zima Jumapili alfajiri wakajipange kwa gwaride ambalo halikuwepo. Jina lilimfuata hadi nyumbani. Tabia haikuhitaji kumfuata, walisafiri pamoja.

Ukitaka kuupima uzito wa tukio hilo, sharti ujue yaliyotangulia. Kitinda na mashine ya kunyolea walikuwa paka na panya. Kwa kawaida baba yake alishika mabega, mjomba akashika miguu, na kinyozi akafanya kazi katikati ya mateke. Vinyozi wawili walishamwomba Mama, kwa heshima zote, asirudi. Miezi ya karibuni alikuwa akimvizia mtoto akilala na kumpunguza kwa mkasi, upande ule tu ambao haukulalia mto. Kwa hiyo kichwa cha Kitinda kilikuwa msitu kushoto na uwanja wa mpira kulia.

Jumatano hiyo Kengele ndiye aliyeteuliwa kushika miguu. Mama alibaki mlangoni akizungumza na simu. Kinyozi alipowasha mashine, Kitinda alivuta pumzi, ile ndefu inayotangulia kilio, na Kengele, ambaye hakuwa amemtania mtu tangu asubuhi, akainama sikioni kwake na kumweleza jambo zito kwa sauti ya msomaji wa taarifa ya habari. Ndani ya mashine ile, alisema, amelala nyuki mzee. Mlio unaousikia ni kukoroma kwake. Watu wakitulia, nyuki anaendelea na ndoto zake. Mtu akilia, anaamka.

Kitinda aliimeza pumzi yake nzima nzima. Akakaa kama sanamu, macho yamemtoka, mpaka unywele wa mwisho ukadondoka. Mama aliporudi ndani alimkuta mwanawe ana kichwa kama yai na mashavu makavu, akashika kizingiti asije akaanguka.

Alichokiona Mama ni kinyozi mwenye mkono wa baraka. Kengele alikuwa na nafasi ya kusema neno, asiseme. Kwa desturi za bweni, utani mzuri hauelezwi. Unaachwa uive.

Laiti angejua unavyoiva. Mama yake alikuwa na kidonda, na kidonda chenyewe kilikuwa nje ya geti la shule ya chekechea, mahali palipo na benchi refu la saruji chini ya kipande cha bati. Hapo ndipo kina mama wa mtaa walipokaa kila mchana wakisubiri watoto watoke, na hapo ndipo mambo ya mtaa yalipopitishwa. Fundi gani anabadilisha zipu ya begi ukiwa umesimama. Daktari gani wa meno hamgombezi mtoto. Duka gani linauza soksi za shule moja moja, kwa wale ambao watoto wao hupoteza ya kushoto tu. Mtu aliyeleta ugunduzi wa kweli alisogezewa nafasi katikati. Mwenyekiti wa shughuli hizo alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani ya jua, aliyeitwa Spika kwa sababu hakuna neno lililopita benchini bila yeye kulirudia kwa sauti.

Mwaka uliopita mama yake Kengele aliwaletea mwalimu wa kuogelea. Mwalimu alifundisha vizuri sana, akiwa amesimama ukingoni na fimbo ndefu, mpaka siku alipoteleza. Aliyemtoa majini ni mwanafunzi wake, msichana wa darasa la pili.

Mama hakufukuzwa, watu wastaarabu hawafukuzani. Ila pale alipozoea kukaa pakawa pana mkoba. Ulikuwa mkoba wa Spika, mkubwa, wenye vifungo vya shaba, na kila Mama alipofika ulikuwa umeshakaa. Basi Mama alisubiri amesimama, akijifanya anapenda kunyoosha miguu. Kengele alimwona hivyo siku mbili za mwanzo wa likizo, na jambo hilo halikumchekesha, ingawa alijaribu.

Ijumaa Mama alisimama mbele ya benchi, akamvua Kitinda kofia, akasimulia. Kichwa kilipitishwa mkono kwa mkono kama tikiti linalokaguliwa. Spika alikipapasa nyuma ya masikio, panapowashinda vinyozi wote, akatamka kwamba kazi ni safi, ila kina mama hawajamsahau mwalimu wa kuogelea. Yeye hatanunua mbuzi kwenye gunia. Wangeenda Jumamosi, wao na watoto wao, wakajionee. Mama alisema waje hata wote. Alilisema kwa furaha iliyomkosesha Kengele, aliyesimama kando, hamu ya kula mchana huo.

Maana utani nao ulikuwa umeanza kutembea wenyewe. Nyumbani Kitinda alikuwa akipita mbele ya friji kwa ncha za vidole, kwa kuwa friji nayo inakoroma. Akihitaji maji ya baridi aliyaomba kwa kunong'ona. Mama alimsifu kwa jirani: mtoto tangu anyolewe amekuwa na adabu, hapigi kelele jikoni. Kengele alisikia sifa hizo akiosha vyombo, akaosha sufuria moja mara mbili.

Jumamosi chumba kilijaa. Kina mama walibanana kwenye fomu, benchi la mbao la kusubiria lililokuwa ukutani, mkoba wa Spika ukapewa nafasi yake kamili, na Mama akasimama. Kinyozi alikuwa amevaa koti jipya jeupe na kufagia mara ya pili pasipo na uchafu. Waya wa mashine yake ulikatiza sakafuni mpaka kwenye soketi iliyolegea, ambayo plagi yake aliishindilia kwa kipande cha kadibodi.

Aliyetangulia ni mtoto wa kike wa jirani, aliyehitaji kusawazishwa tu kisogoni. Mashine ililia, naye akalia zaidi. Wa pili alilia kabla ya kufika kitini. Mwanawe Spika, mvulana mnono aliyeitwa Bosi, alikumbatia mguu wa fomu na kutangaza kwamba anataka kufuga nywele mpaka uzeeni. Kinyozi alijaribu kubembeleza, asifue dafu. Na Spika, bila kuinua sauti, akauliza swali lililofika kila pembe.

"Mwenzangu, na huyu naye anafundishia ukingoni?"

Kina mama walicheka kiungwana, kila mmoja kwenye kiganja chake. Mama alimtazama Kitinda, kisha kinyozi, kisha ukuta, kama mtu aliyeweka kitu mahali na sasa hakioni.

Kengele aliyaona yote hayo akiwa pale mlangoni. Mbele yake palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kusema kweli, na kweli ingemwacha Mama bila ugunduzi. Ya pili ilikuwa fupi zaidi, na yeye alishaijua. Alichuchumaa kati ya watoto na uso wa msiba, akawanong'oneza mmoja baada ya mwingine habari za nyuki mzee. Kitinda, aliyekuwa shahidi, aliitikia kwa kichwa kila sentensi.

Kimya kilichofuata ni cha maji mtungini. Mtoto wa kike wa jirani alirudi kitini mwenyewe, akasawazishwa. Wa pili akafuata, meno ameyauma. Kina mama wakaanza kutazamana. Hatimaye Bosi akapanda kitini, akafumba macho, na mashine ikapita juu ya kichwa chake kutoka paji hadi kisogoni, mara moja, mara mbili, nywele zikishuka kama manyoya. Spika alivua miwani. Hakuamini. Aliinuka kwenda kuona kwa karibu, na kisigino chake kikanasa kwenye waya.

Plagi ikachomoka. Mashine ikanyamaza.

Ndani ya ule utulivu sauti ya Kitinda ilisikika vizuri, ya chini, ya mtu anayetoa taarifa.

"Ameamka."

Hakuna mtu mzima aliyeelewa. Watoto walielewa wote. Bosi aliruka kitini na shuka shingoni, nusu ya kichwa ikiwa na nywele na nusu haina, akatoka mlangoni mbele ya wenzake, na kilio chake kikasikika kikipita duka la dawa, kikipita fundi viatu, kikielekea barabarani kwenye uwanja mdogo. Kinyozi alibaki ameshika mashine hewani kama mtu aliyekatwa kauli.

Mama ndiye aliyeuliza. Alimshika Kitinda begani, akataka kujua nani ameamka. Nyuki, akajibiwa. Nyuki gani? Nyuki wa kwenye mashine, anayekoroma, kama yule wa kwenye friji. Na nani amesema kuna nyuki kwenye mashine? Kitinda alimtazama dada yake kwa mapenzi na fahari, kwa maana mambo mengi ya dunia amefunzwa na yeye, akamnyooshea kidole.

Siku za mwizi ni arobaini. Za Kengele hazikutimia wiki. Shule ya bweni humwachia mtu angalau visingizio vitatu vya akiba, navyo vilikuja vyote kinywani, vimepigwa pasi. Angesema ni mchezo wa kuigiza. Angesema mtoto ameota. Angemsingizia kinyozi, na hilo ndilo lililokuwa jepesi kuliko yote, kwa sababu mgeni hana wa kumtetea. Kisha akauona mkono wa Mama umeshika ukingo wa fomu, pembeni ya mkoba, kama mtu anayeomba apishwe.

"Ni mimi," akasema. "Nilimdanganya Kitinda Jumatano, Mama akiwa kwenye simu. Leo nimewadanganya wote. Mama hakujua. Yeye aliona mtoto hakulia, akawaambia mtoto hakulia. Na huyu mama kinyozi kazi yake mmeishika wenyewe kwa mikono yenu."

Spika alimtazama binti, akamtazama Mama, akarudi kwa binti. Alisema kwamba kwa mwalimu wa kuogelea walau hapakuwa na mtu wa kulaumiwa ila mama huyu. Safari hii yupo mwingine, na amesimama hapa mbele na miguu yake mirefu. Kisha akainua mkoba wake kwenye fomu, akauweka mikononi mwa Kengele, ukawa mzito kuliko ulivyoonekana.

"Kaa, mwenzangu," akamwambia Mama. "Umechoka kusimama."

Mama akakaa.

Hukumu ikapitishwa hapo hapo. Kengele aende uwanjani, awarudishe watoto wote, Bosi kwanza, na amwambie kila mmoja kweli, akiwa amepiga magoti, huku mkoba ameubeba. Kinyozi alirudisha plagi kwenye soketi, akaikandamiza kadibodi, akasema atasubiri, ila ule mstari wa katikati ya kichwa asingependa ubaki hivyo.

Kazi ilikuwa ngumu. Watoto waliouamini uongo kwa kunong'onezwa mara moja waliidai kweli kwa mashahidi. Bosi alikubali baada ya kuapiwa, na baada ya kuruhusiwa kushika mashine ikiwa imezimwa na kuitikisa sikioni. Wa mwisho alikuwa Kitinda. Alimsikiliza dada yake mpaka mwisho, mikono nyuma, akafikiri.

"Na kwenye friji?"

Kengele alitazama kando. Aliupenda mno ule mwendo wa ncha za vidole.

"Hata kwenye friji," akasema. "Hakuna mtu. Nisamehe."