Kreni Aja Kudai Harusi Yake

Ndoto ya jana ilinidondosha katikati ya ugomvi, bila hata salamu.

"Usinifundishe mimi, Baba Sikuzani! Kreni alimwoa Trekta, na vigelegele nilipiga kwa mdomo huu huu!"

"Ulipigia uongo vigelegele, Mama Tunu. Kreni hakuoa mtu. Kreni hata kiwiko hana, angemvishaje mtu pete?"

Walikuwa bombani, uani kwetu Mji Mpya, ndoo zimejaa zinamwagika na hakuna mwenye habari na maji. Hilo ni la kila siku. Lisilokuwa la kila siku ni kwamba Kreni mwenyewe alikuwa nyuma yao kwenye foleni, ameshika dumu.

Kabla sijaendelea nieleze ugomvi wenyewe ulikotoka, maana huo haukuwa wa ndoto. Ulianzia sebuleni kwangu.

Tulipokuwa wadogo, banda la video la mtaa wetu lilionyesha katuni ya majitu ya bati, ile iliyotengenezwa ili watu wanunue midoli yake. Jitu moja linageuka kreni, jingine trekta, jingine pasi ya mkaa. Lugha yake hatukuijua hata neno. Aliyetufasiria ni Hemedi Ngoda, wakati huo kijana mwembamba, na maikrofoni yake imefungwa kitambaa isikwaruze. Kwa tafsiri ya Hemedi, Kreni alikuwa Mluguru wa Matombo, Trekta alikuwa binti wa Kilosa mwenye mama mkali, na katuni nzima ilikuwa habari ya posa. Tulilia mle bandani. Harusi ilipofika, benchi la mbele lilivunjika.

Jumamosi iliyopita nikaipata tena, imewekwa kwenye flashi. Nikaalika watu, maana mimi chakula cha peke yangu hakishuki. Wakaja ishirini na watatu, kwa sinia tatu za pilau. Safari hii tukaiangalia kwa sauti yake yenyewe, na binti yangu Siwema, aliyesoma, anatufasiria neno kwa neno.

Matombo haikuwamo. Mama mkali hakuwamo. Kreni anasema, "Angalia nyuma yako!" Trekta anaangalia nyuma yake. Sehemu ya pili Trekta anasema, "Angalia nyuma yako!" Kreni naye anaangalia. Sehemu ya kumi na tatu wakasimama wote ukingoni mwa korongo, picha ikakatika. Midoli haikupata wanunuzi, kwa hiyo mwisho haukutengenezwa.

"Hemedi," Baba Sikuzani akasema mbele ya watu, "harusi iko wapi?"

Hemedi akaweka sahani chini. Hakuwa ameonja hata punje. Akavaa kandambili zake, akatoka.

Huyu ni mtu ambaye tangu afiwe na mkewe, miaka sita sasa, anakula mchana kwangu, na ndiye anayeleta habari zote za mtaa: nani kaposwa, nani kahama usiku, nani kamnunia nani. Sasa anapita uchochoro wa nyuma ili asione mlango wangu. Sahani yake ya maua imekaa kabatini siku tano. Na wengine nao wamepungua, kumbe walikuwa wanamfuata yeye. Nyumba yangu mimi, jamani, imekuwa ya kusikia saa ya ukutani.

Basi, turudi bombani.

"Samahani," Kreni anasema. "Nimesikia kwamba nilioa."

"Nani kakwambia?" Mama Tunu anauliza.

"Wewe. Kule korongoni tunakusikia vizuri sana."

Trekta anachungulia nyuma ya bega lake. Ni mpana, ana taa mbili kifuani, na amejitanda kitenge. "Na mimi nimesikia kwamba niliolewa," anasema. "Hatukualikwa. Tunataka kujua kama chakula kilibaki."

Baba Sikuzani akakohoa. Akaniangalia mimi, kama kwamba mambo ya majitu yananihusu.

"Aliyewaoza ni Hemedi," nikasema. "Chumba chake kile pale, hatua kumi."

Tukaanza kwenda. Tulipita dirisha la Mama Tunu na khanga yake ya njano imeanikwa. Tukaenda, tukapita dirisha la Mama Tunu na khanga yake ya njano imeanikwa. Tukaenda tena, khanga hiyo. Kila tukipita palikuwa na bibi mmoja kakaa kizingitini, nikamsalimia. Shikamoo ya kwanza aliitikia, ya pili aliitikia, ya tatu akaniambia, "Mwanangu, nilichorwa mara moja tu. Usinichoshe."

"Ni ukuta mmoja," Trekta akaeleza. "Hawakuwa na muda wa kuchora wa pili. Kaza mwendo, utaisha."

Njiani Baba Sikuzani akawa wa bluu, uso na mikono. Hakuna aliyeshtuka. Baada ya hatua chache akarudi rangi yake, isipokuwa sikio.

"Aliyepaka alikuwa na haraka," Kreni akasema. "Mimi mwenyewe sehemu ya nne nilikuwa na mkono wa mtu mwingine."

Tulipofika, mlango wa Hemedi haukuwa mlango tena. Lilikuwa boksi refu lenye plastiki ya kuonyesha kwa mbele. Hemedi amesimama ndani, amefungwa kwa vile viwaya vya kusokota vinavyofungia midoli dukani: kiunoni, shingoni, vifundoni. Pembeni, kwenye kijishimo chake, maikrofoni yenye kitambaa. Juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa: MKALIMANI. MIAKA MITATU NA KUENDELEA. BETRI HAZIUZWI PAMOJA.

"Kaka Hemedi," nikaita.

Mdomo wake ukafunguka, ukafungwa. Sauti hapana.

"Haya mambo nayajua," Kreni akasema kwa masikitiko. "Mimi nilikaa dukani hivyo miaka mitatu. Watu wanakutazama, wanakurudisha."

Nikataka kulifungua boksi, Trekta akanizuia. Katika katuni hii, akasema, hakuna kinachofanyika kabla watu hawajageuka. Ndiyo sheria yake. Hata mtu akitaka kupiga chafya, ageuke kwanza.

"Geukeni!" akapaza sauti.

Mama Tunu akageuka cherehani, lakini hakuacha kusema. Baba Sikuzani akajikunja, akalia kwenye viungo, akawa koleo la kukatia waya. Mimi nikasikia magoti yananyooka, mbavu zinakwenda mbali na mbali, mgongo unapakwa chokaa, na nilipojitazama nilikuwa sebule.

Sebule yangu ile ile. Makochi yenye vitambaa nilivyofuma mwenyewe, televisheni, saa ya ukutani. Kwa kuwa nilikuwa sebule, wote wakawa ndani yangu bila kutembea. Wote isipokuwa boksi la Hemedi, ambalo lilikuwa nje kidogo ya kizingiti changu.

Lilinikera. Ni kama kibanzi jichoni, mgeni kuwa pale mlangoni wala hajaingia.

"Zinatakiwa betri mbili," Kreni akasema, akanyoosha mkono kwenye stuli.

"Usiniguse!" rimoti ikasema. "Ninazo mbili tu, tena zimekufa siku nyingi. Huyu sebule anaziuma kila asubuhi ili zipate nguvu. Tazama meno yake haya! Tazama pengo lake hili hapa katikati!"

Ni kweli. Ningeona haya, lakini sebule haina uso.

"Sasa mimi nitabaki na nini?" rimoti ikalia.

"Utabaki na heshima," Trekta akaijibu, akafungua kifuniko.

Kilichobaki ni viwaya. Kwenye boksi paliandikwa: KIFUNGULIWE NA MTU MZIMA. Kisha koleo, ambalo ni Baba Sikuzani, likasema taratibu:

"Mtu mzima ni mimi. Na mdomo ulioropoka Jumamosi ni huu. Nipelekeni."

Akakata cha shingo, akakata cha kiuno. Vilikuwa kumi na vinane. Kila akikata kimoja anasema, "Samahani, Hemedi," kumi na nane zote, hakuruka hata moja. Kisha Kreni akampa Hemedi betri mkononi, moja kichwa juu, moja kichwa chini, kama inavyotakiwa.

Hemedi akavuta pumzi.

"Niliwadanganya," akasema.

"Tunajua," Kreni akasema. "Maneno tuliyoandikiwa ni matatu. Angalia, nyuma, yako. Miaka yote hii tunaangalia nyuma. Nakuapia, kaka, nyuma hakuna kitu."

"Wewe ndiye uliyeniambia nina mama," Trekta akasema. "Sikuwa najua. Mkali sana?"

Hemedi akamtazama. Mkono wake ukaanza kutafuta maikrofoni wenyewe, kama mtu anayetafuta miwani.

"Mkali?" akasema. "Huyo mama akipita sokoni Kilosa, nyanya zinaiva kwa woga."

Trekta akacheka mpaka taa zake za kifuani zikawaka.

Na hapo shughuli ikaanza. Hemedi anasema, na linalosemwa linakuja. Anasema ngoma, ngoma inaingia kwa dirisha. Anasema wali, masinia yanapita juu ya vichwa. Mama Tunu anashona shela kwa ile khanga ya njano, tr-r-r-r, huku anamsema bibi wa kizingitini kwamba amekuja bila zawadi. Pasi anamnyoosha bwana harusi mabati. Wageni mia mbili wanaingia. Sura zao ni tano tu, zinajirudia, lakini kila mmoja anakula kivyake.

"Baba wa kijana amekubali?" Hemedi anauliza kwenye maikrofoni.

"Sina baba," Kreni anasema. "Nina kiwanda."

"Kiwanda kimekubali! Na mama wa binti?"

Ngoma ikakatika. Hata masinia yakasimama hewani. Kutoka mbali, upande wa Kilosa, sauti ikasema: "Nitafikiria."

"Amekubali!" Hemedi akatangaza.

Mimi nilikuwa nimejaa hadi kuta zinatuna. Sijawahi kufurahi namna ile. Kila kona yangu ina mtu, chini ya kila kochi kuna kiatu, saa ya ukutani haisikiki kabisa. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Hemedi alikuwa anayasema yote hayo akiwa nje ya kizingiti.

"Mkalimani haingii?" Trekta akauliza, ameshika sahani ya maua.

"Mimi nilitoka mwenyewe," Hemedi akasema, sasa kwa sauti ndogo, maikrofoni ameishusha. "Aliyetoka mwenyewe haingii mpaka aambiwe."

Nikataka kumwambia. Nikajaribu kwa nguvu zangu zote, lakini sebule haisemi. Bawaba za mlango tu ndizo zilizolia, kwii. Hemedi akainua kichwa. Akainua mguu wa kulia, ukafika juu ya kizingiti, ukabaki hapo.

Picha ikakatika.

Nikaamka nimekasirika kama zamani bandani umeme ulipozimika katikati ya picha. Jua lilikuwa limeshapanda. Bombani walikuwa tayari, na hawa ni wa kweli. "Hakuoa!" "Alioa!" Siwema ameshaivisha mihogo ya nazi, chai iko mezani, na vikombe ni viwili, changu na chake.

Nikachukua rimoti nisikilize taarifa ya habari. Haikuwasha. Nikaigeuza nitoe betri niziume kidogo, kama kawaida.

Kifuniko wazi. Ndani tupu.

"Siwema! Umechukua betri?"

"Hizo ulizozitafuna, mama? Nizipeleke wapi?"

"Hodi," mtu akasema.

Nikageuka. Hemedi Ngoda alikuwa mlangoni kwangu, shati halijapigwa pasi, mkono mmoja ameufumba. Bombani ugomvi ukakatika ghafla, maji tu ndiyo yanasikika.

"Mama Siwema, samahani," akasema. "Hizi si zako?"

Akaufumbua mkono. Betri mbili, moja kichwa juu, moja kichwa chini. Zimeng'atwa zote, na katikati ya alama za meno pana pengo.

"Umezipata wapi, Kaka Hemedi?"

"Nimeamka nimezifumbata. Nikasema, aa, pengo hili mtaa mzima ni la mtu mmoja."

Kutoka bombani Baba Sikuzani akaita, kwa sauti ya mtu aliyeiandaa tangu asubuhi:

"Mkalimani! Hivi yule mama wa Kilosa, alikubali kweli?"

Hemedi akafikiri. Nikaona midomo yake inaanza kucheza pembeni.

"Hiyo ni ndefu," akasema.

Nikatazama chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeinuka, uko juu ya kizingiti, haujatua.

"Kama ni ndefu huwezi kuisema umesimama na njaa," nikamwambia. "Shusha huo mguu, ingia. Siwema, toa ile sahani ya maua, mihogo inapoa."